Nani atashinda Uanasheria Mkuu wa jimbo? Soko la utabiri, tafiti za maoni na wachambuzi, bega kwa bega

Kiti cha Mwanasheria Mkuu wa jimbo nchini Marekani hakipigiwi kelele kama kiti cha urais, lakini maamuzi ya anayekikalia huingia hadi majumbani. Januari 2025, Wanasheria Wakuu wa majimbo 22 walikwenda mahakamani kupinga amri ya Rais Donald Trump iliyolenga kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa na wazazi walio nchini bila vibali au kwa vibali vya muda. Virginia haikuwamo katika orodha hiyo. Kwa familia ya Wakenya, Wakongo au Watanzania inayoishi Woodbridge au Alexandria, miji ya Virginia, na inayotarajia mtoto, jina la anayeketi katika ofisi ile ya Richmond, makao makuu ya jimbo, ni jambo zito.

Ndiyo maana msimu wa uchaguzi ukianza watu hutaka kujua mapema nani anaelekea kushinda. Wanakutana na majibu ya aina tatu: bei kwenye masoko ya utabiri kama Kalshi na Polymarket, tafiti za maoni ya wapiga kura, na makadirio ya wachambuzi wa siasa. Mara nyingi majibu hayo hayapatani, na msomaji hubaki katikati. Kwa msomaji wa Kenya na Tanzania, ambako Mwanasheria Mkuu huteuliwa na rais, niongeze kwamba majimbo 43 kati ya 50 ya Marekani humchagua kwa kura za wananchi. Katika Alaska, Hawaii, New Hampshire, New Jersey na Wyoming huteuliwa na gavana, Maine huchaguliwa na bunge la jimbo, na Tennessee huteuliwa na Mahakama ya Juu ya jimbo. Huko kusiko na kura, usitafute bei wala utafiti.

Vigezo vya kulinganisha

Nitaipima kila njia kwa maswali matano yaleyale. Inapima nini hasa? Inakwenda kwa kasi gani habari mpya ikitokea? Nyuma ya namba kuna nini: pesa kiasi gani, watu wangapi, uzoefu wa miaka mingapi? Inakosea wapi? Na inamfaa nani? Swali la tatu ndilo ninalolipa uzito kuliko mengine, kwa sababu kinyang'anyiro cha Mwanasheria Mkuu ni kidogo, na katika kinyang'anyiro kidogo namba inaweza kuonekana imara huku chini yake hakuna kitu.

Mfano nitakaoutumia ni Virginia 2025, kwa sababu njia zote tatu zilijaribiwa kwa wakati mmoja. Jason Miyares wa chama cha Republican alikuwa akitetea kiti alichokichukua mwaka 2021 kwa tofauti isiyofika asilimia 1 dhidi ya Mark Herring. Mpinzani wake, Jay Jones wa Democratic, aliyewahi kuwa mbunge wa jimbo kutoka Norfolk, alipita kwa shida kwenye mchujo wa Juni mbele ya Shannon Taylor. Upigaji kura wa mapema ulifunguliwa Septemba 19. Oktoba 3 zikachapishwa jumbe za simu ambazo Jones alizituma mwaka 2022, zenye maneno ya kumpiga risasi Todd Gilbert, aliyekuwa Spika wa bunge la jimbo. Jones aliomba radhi na akakataa kujitoa. Novemba 4 akashinda kwa takriban asilimia 53 ya kura.

NJIA YA KWANZA: SOKO LA UTABIRI

Inapima nini. Inapima imani ya watu walioweka pesa. Mkataba mmoja hulipa dola 1 mgombea akishinda na haulipi chochote akishindwa. Ukiuzwa senti 62, maana yake wanunuzi na wauzaji wamekubaliana kwamba nafasi yake ni kama asilimia 62. Watu wengi huisoma 62 hiyo kana kwamba ni kura. Siyo. Mgombea anaweza kuwa na nafasi ya asilimia 90 ya kushinda uchaguzi atakaoushinda kwa asilimia 52 ya kura. Na anayenunua mkataba si lazima awe mpiga kura wa Virginia. Anaweza kuwa Chicago au Singapore, na hajawahi kuukanyaga mji wa Norfolk.

Inakwenda kwa kasi gani. Hakuna inayoishinda. Jumbe za Jones zilipotoka, bei yake iliporomoka kabla mtafiti yeyote hajapiga simu ya kwanza, na Miyares akawa ndiye anayepewa nafasi kubwa. Kama unataka kujua habari fulani imewashtua watu wenye pesa mezani, bei itakuambia ndani ya dakika chache. Kama mshtuko huo umewafikia wapiga kura, hilo ni swali jingine, na bei hailijui kwa hakika zaidi yako.

Nyuma ya namba kuna nini. Hapa ndipo pa kukaa. Soko la urais la 2024 pale Polymarket lilipita dola bilioni 3 za miamala. Soko la Mwanasheria Mkuu wa jimbo ni dogo mno ukililinganisha na hilo, na udogo huo hubadilisha maana ya namba yenyewe. Fikiria mnada wa samaki pale Feri, Dar es Salaam. Asubuhi yenye wanunuzi wengi, mtu mmoja akipandisha bei ovyo wenzake wanamwachia na bei inarudi mahali pake. Siku yenye wanunuzi watatu, huyo mmoja ndiye bei.

Kwa hiyo usiangalie bei peke yake. Angalia mambo matatu kabla hujaiamini. La kwanza ni pengo kati ya anayenunua na anayeuza. Tuseme mnunuzi wa juu kabisa anatoa senti 52 na muuzaji wa chini kabisa anataka senti 61. Polymarket huonyesha namba ya katikati pengo likiwa halizidi senti 10, kwa hiyo skrini itakuonyesha kitu kama 56 au 57, bei ambayo hakuna mtu aliyenunua wala kuuza. Pengo likizidi senti 10, unaonyeshwa bei ya muamala wa mwisho, ambao huenda ulifanyika jana. La pili ni pesa zilizopo mezani sasa hivi, tofauti na jumla ya miamala. Dola zilezile zikinunua na kuuza mara kumi zinahesabiwa mara kumi. La tatu ni kina cha oda: ingehitajika dola ngapi kuisogeza bei kwa senti 5? Kama jibu ni dola mia chache, namba hiyo inaweza kuwa ni maoni ya mtu mmoja.

Masoko yenyewe hayafanani, na ni vyema kujua unalisoma lipi. Kalshi iko chini ya usimamizi wa CFTC, tume ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia mikataba ya aina hii. Tume hiyo ilijaribu kuizuia isifungue masoko ya uchaguzi. Kalshi ikaishtaki, na Septemba 2024 Jaji Jia Cobb wa mahakama ya Washington akaipa ushindi. Rufaa iliachwa Mei 2025. Hapo pesa ni dola za kawaida, kanuni za kila mkataba zimeandikwa, na wagombea hawaruhusiwi kufanya biashara kwenye uchaguzi wao wenyewe.

Polymarket hutumia sarafu ya kidijitali ya USDC kwenye blokcheni ya Polygon, yaani daftari la pamoja la miamala ya mtandaoni. Januari 2022 CFTC iliitoza faini ya dola milioni 1.4 na ikalazimika kuwafungia wateja wa Marekani. Mwaka 2025 ilinunua kampuni yenye leseni, QCEX, kwa dola milioni 112 ili irudi kwa njia ya halali. Nguvu yake ni wateja wengi wa nchi mbalimbali. Udhaifu wake ni namna migogoro inavyoamuliwa: wenye UMA, sarafu nyingine ya kidijitali, hupiga kura kusema jibu sahihi ni lipi. Mwaka 2025 kulizuka ugomvi mkubwa kwenye soko lililouliza kama Rais Volodymyr Zelenskyy wa Ukraine angevaa suti: alivaa au hakuvaa? Matokeo ya uchaguzi wa jimbo hayana utata wa namna hiyo mara nyingi, lakini kura zikihesabiwa upya na kesi zikifunguliwa, utata unaweza kuja.

PredictIt ndiyo kongwe kati ya hizi tatu. Ilianza 2014 chini ya Victoria University of Wellington ya New Zealand, na kwa miaka mingi mtu hakuruhusiwa kuweka zaidi ya dola 850 kwenye mkataba mmoja; kikomo hicho kilipandishwa hadi 3,500 mwaka 2025. Kikomo kina faida na hasara. Tajiri mmoja hawezi kulibeba soko zima. Lakini bei ikikosewa, mwenye taarifa sahihi naye hana pesa ya kutosha kuisahihisha. Zaidi ya hapo, kwa muda mrefu ilikata asilimia 10 ya faida na asilimia 5 ya pesa unazotoa, makato yanayoifanya bei iende kombo.

Inakosea wapi. Mtu mwenye pesa anaweza kulisukuma soko kwa makusudi au kwa imani. Mwaka 2012, kwenye soko la Intrade la Ireland, mfanyabiashara mmoja alimwaga mamilioni ya dola kwa Mitt Romney na kuyapoteza. Mwaka 2024 Mfaransa aliyejulikana kwa jina la Théo alimwekea Trump mamilioni na akavuna. Watu wengi hukumbuka kisa cha pili na kusahau cha kwanza. Katika soko la urais walikuwapo maelfu wa kubishana na kila mmoja wao. Katika soko la Mwanasheria Mkuu, siku ya Jumanne ya Julai, anaweza asiwepo hata mmoja.

Kosa la pili halionekani kirahisi: muda. Mgombea ambaye kila mtu anajua atashinda anaweza kukaa kwenye senti 93 kwa miezi. Nani atafungia pesa zake tangu Februari hadi Novemba apate senti 7? Kwa sababu hiyo bei za washindi wa uhakika hubaki chini kidogo ya nafasi yao halisi, na za wasio na matumaini hubaki juu. Ukimwona mtu ana senti 4, usiandike kwamba ana nafasi ya asilimia 4.

Halafu soko husoma tafiti na wachambuzi walewale unaowasoma wewe. Bei ikikubaliana na utafiti wa jana, usihesabu kwamba umepata mashahidi wawili.

Inamfaa nani. Anayehitaji kujua haraka, anayeweza kuusoma ubao wa oda (orodha ya bei wanazotoa wanunuzi na wanazotaka wauzaji), na anayefuatilia kinyang'anyiro chenye pesa za kutosha. Virginia 2025 ilikuwa na sifa hiyo, hasa Oktoba. Majimbo mengi hayana.

NJIA YA PILI: TAFITI ZA MAONI

Inapima nini. Inapima walichosema wapiga kura walioulizwa, siku walizoulizwa. Ni njia pekee kati ya tatu inayozungumza na wenye kura. Ukitaka kujua wanawake wa vitongoji vya Richmond wanasemaje, au wangapi wamesikia habari za jumbe zile, soko haliwezi kukujibu na mchambuzi atakisia.

Inakwenda kwa kasi gani. Polepole. Kuuliza watu huchukua siku kadhaa, kupima na kuchapisha siku nyingine. Ndiyo maana tarehe za kuuliza ni muhimu kuliko tarehe ya kuchapisha. Utafiti uliotangazwa Oktoba 8 lakini ulioanza Septemba 29 umewachanganya walioulizwa kabla ya jumbe za Jones na walioulizwa baada yake. Utafiti wa namna hiyo hauelezi kabla wala baada. Wengi huusambaza bila kuliona hilo.

Nyuma ya namba kuna nini. Virginia ina bahati ya vyuo vinavyofanya tafiti hizi mara kwa mara: kituo cha Wason cha Christopher Newport University kule Newport News, Roanoke College, na Virginia Commonwealth University. Chuo hakiuzi mgombea, na huchapisha maswali yake yote. Majimbo mengine hayana kitu kama hicho; unaweza kufika Septemba bila utafiti hata mmoja wa wazi kuhusu Mwanasheria Mkuu, kisha ukatokea mmoja uliolipiwa na kampeni ya upande mmoja. Huo usomwe kama tangazo mpaka uuone ukiwa na maswali yake kamili.

Utafiti wa watu 800 una kiwango cha makosa cha takriban asilimia 3.5 juu au chini, na hicho ni kwa kila mgombea. Kwa tofauti kati ya wagombea wawili, kosa hukaribia mara mbili yake. Kwa hiyo "Miyares anaongoza kwa 3" na "Jones anaongoza kwa 3" zinaweza kutoka kwa wapiga kura walewale bila mtafiti yeyote kukosea kazi yake.

Inakosea wapi. Kwenye nafasi za chini ya gavana, wengi hawajui majina. Wanaosema "sijaamua" huwa wengi, na wengi wao humalizikia kwenye chama chao. Naamini hilo ndilo lililotokea Virginia. Tafiti za mwisho ziligawanyika, nyingine Miyares mbele, nyingine Jones, huku Abigail Spanberger wa Democratic akiongoza wazi kwenye ugavana. Siku ya kura Spanberger alipata zaidi ya asilimia 57, na Jones akaja nyuma yake kwa pointi kadhaa, lakini bado juu ya nusu. Wademokrat wasioridhika na Jones walimlaumu mbele ya watafiti, kisha wengi wao wakampigia kura. Utafiti unaotaja chama cha mgombea karibu na jina lake huwa karibu zaidi na karatasi halisi ya kura kuliko usiotaja. Tafuta swali lenyewe uone.

Inamfaa nani. Anayetaka kuelewa kwa nini, si nani tu. Mwanaharakati, mwandishi, mchungaji au imamu anayetaka kujua jamii yake inasimama wapi. Na yeyote mwenye subira ya kungoja tafiti tatu au nne badala ya kuukimbilia mmoja.

NJIA YA TATU: WACHAMBUZI

Inapima nini. Uwanja wenyewe: jimbo linaegemea wapi, chama cha rais kinafanyaje miaka ya aina hii, mgombea ana pesa na sifa gani. Jibu lao huja kwa makundi: salama, inaelekea, inaegemea, au haitabiriki. Sabato's Crystal Ball, jarida la uchambuzi wa uchaguzi la University of Virginia, iliyoko Charlottesville, ni moja ya machache yanayotoa makadirio hata kwa viti vya Wanasheria Wakuu, na mwandishi wa habari za siasa Louis Jacobson amekuwa akivipima viti hivi kwa miaka mingi, wakati ambapo vyombo vingi havikuvijali.

Inakwenda kwa kasi gani. Taratibu kuliko zote. Kundi linaweza kukaa lilivyo kwa miezi. Mimi naihesabu kuwa sifa kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kasoro katika wiki nne za mwisho.

Nyuma ya namba kuna nini. Kumbukumbu. Tangu 1977 chama kinachokalia Ikulu ya Marekani kimepoteza ugavana wa Virginia kila mara isipokuwa 2013. Kamala Harris alishinda Virginia mwaka 2024 kwa karibu asilimia 6. Kaskazini mwa jimbo kumejaa watumishi wa serikali kuu, na shughuli za serikali hiyo zilisimamishwa kwa kukosa bajeti tangu Oktoba 1, 2025, siku mbili tu kabla ya jumbe za Jones kutoka. Na watu walikuwa wameshaanza kupiga kura kwa wiki mbili. Anayeweka mambo hayo manne pamoja anapata picha ya jimbo linaloegemea Democratic kwa nguvu, mwaka mzuri kwao, na mgombea mmoja aliyejeruhiwa. Hakuna namba hapo ya kuchora kwenye grafu, lakini picha hiyo ilikuwa karibu na matokeo kuliko siku nyingi za bei za Oktoba.

Inakosea wapi. Historia haimpimi mtu. Mchambuzi anaweza kuamini mno mwegemeo wa jimbo akamkosa mgombea anayeweza kuvuka mipaka ya chama chake, kama Miyares alivyofanya 2021. Na neno "inaegemea" halisemi ni asilimia 60 au 80. Ukitaka kulinganisha na bei, utalazimika kukisia.

Inamfaa nani. Anayeanza. Anayefuatilia majimbo mengi kwa pamoja, kwa mfano miaka kama 2022 na 2026 ambapo majimbo 30 hivi huchagua Wanasheria Wakuu wao. Na asiyetaka kufungua akaunti wala kulipia chochote.

Kwa hali yako, uchague nini?

*Wewe ni mpiga kura au mkazi wa jimbo husika.* Anza na mchambuzi ujue kama kiti kina ushindani, kisha soma tafiti za vyuo vya jimbo lako. Bei ya soko haina la kukuongezea, na inaweza kukukatisha tamaa bure: mgombea wako akiwa senti 35 bado anahitaji kura yako, na pengine zaidi. Kama unafikiria kuchangia kampeni, kumbuka sheria ya Marekani inawaruhusu raia na wenye makazi ya kudumu tu. Mwenye viza ya kazi au ya masomo asitoe hata dola 5.

*Wewe ni mwandishi wa habari Nairobi, Dar es Salaam au Goma.* Tumia zote tatu kwa mpangilio: mchambuzi kwa usuli, wastani wa tafiti kwa hali ya sasa, bei kwa kuonyesha habari imepokelewaje. Andika chanzo ndani ya sentensi: "wafanyabiashara wa Kalshi wanampa nafasi ya asilimia 58". Usiandike kamwe "anaongoza kwa asilimia 58". Sentensi hiyo ya pili huwaambia wasomaji jambo ambalo halipo.

*Habari nzito imetoka leo asubuhi.* Fungua soko, uone mwelekeo, uandike bei na saa. Kisha usiamue kitu mpaka upate utafiti ulioanza kuuliza watu baada ya habari hiyo kutoka.

*Ni mapema, mwezi wa Februari au Machi.* Mchambuzi peke yake anatosha. Michigan, kwa mfano, mgombea wa Uanasheria Mkuu hupitishwa na mkutano mkuu wa chama, si kwa mchujo wa wananchi. Ukiona soko la jimbo hilo, soma kwanza linauliza nini: nani atapitishwa na chama, au nani atashinda Novemba? Watu hupoteza pesa kwa kutosoma mstari huo mmoja.

*Unataka kuweka pesa.* Nitasema wazi ninavyoona, kwa sababu vijana wengi wa kwetu wameshazoea kubeti mpira na wanadhani hili ni lile lile. Katika soko dogo kama hili, anayekuuzia mkataba anaweza kuwa anaijua kaunti kwa kaunti. Kama unachokijua ni kile kilichoandikwa magazetini, unamlipa yeye. Kama bado unataka, angalia pengo la bei, soma kanuni za kuamua mshindi hadi mwisho, hesabu makato, na ujue kwamba ukiwa Afrika Mashariki na akaunti ikafungwa au mgogoro ukatokea, huna ofisi ya karibu ya kwenda kudai. Ujue pia kwamba vita vya kisheria havijaisha: Septemba 2025 Mwanasheria Mkuu wa Massachusetts, Andrea Joy Campbell, aliishtaki Kalshi kuhusu mikataba yake ya michezo, akidai ni kamari isiyo na leseni ya jimbo. Ofisi unayobashiri ni nani ataipata ndiyo hiyohiyo inayoweza kulifungia mlango soko katika jimbo lake. Ada ya shule na kodi ya nyumba zisifike huko.

*Kinyang'anyiro ni cha kubanana kabisa.* Arizona mwaka 2022, Kris Mayes alimshinda Abe Hamadeh kwa kura 280, baada ya kuhesabu upya, kati ya kura kama milioni 2.5. Hakuna bei, utafiti wala mchambuzi anayeweza kuiona tofauti hiyo kabla. Njia zote tatu zikisema "sawa kwa sawa", lichukue hilo kuwa jibu kamili, na usitafute ya nne ya kukupa jina.

*Ni usiku wa matokeo.* Soko litakimbia mbele ya kila mtu, na litayumba kila kaunti ikitangaza. Kaunti ya Fairfax peke yake ina zaidi ya wakazi milioni 1, na kura zake zinapoingia kwa mafungu bei huruka juu na chini bila jambo lolote jipya kutokea. Fungua ukurasa wa Idara ya Uchaguzi ya jimbo, uone ni kaunti zipi bado hazijaleta kura za mapema na za posta, na uilinganishe kila kaunti na ilivyopiga kura miaka minne iliyopita.